Kambale Waliokula Pumba

Morogoro, 4 Machi 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu umepungua kuuma? Mimi mzima, ila utafiti umenibana.

Nina ombi. Kijito chetu hapo Mkwajuni kinapita chini ya makarasha ya kusagia mawe, wanakokamatia dhahabu kwa zebaki. Nataka kujua zebaki hiyo inaishia kwa nani. Nitumie kwa basi konokono wachache, perege watano na kambale wawili, wote wa kijito hicho, wabichi, kwenye barafu. Usiwabanike! Katika nyama yao kuna nitrojeni nyepesi na nzito. Kila anayemla mwenzake hubaki na nzito zaidi, kwa hiyo mashine inatuambia nani kamla nani. Kaboni nayo inasema chakula kilitoka wapi.

Nakuomba wewe kwa sababu soko zima hakuna anayejua samaki kukushinda. Na wifi Loisi ana mimba, lazima tujue anakula nini.

Mwanao,
Jenista

Mkwajuni, 21 Machi 2024

Mwanangu Jenista,

Marahaba. Mguu haujambo, siku hizi kazi yake ni kutabiri mvua. Loisi hataki harufu ya chakula chochote isipokuwa kambale.

Mzigo huo. Watu wa basi walipoona konokono wakaniuliza kama mwanangu anasomea uganga. Nikawajibu anasomea udaktari, ila wagonjwa wake ni samaki. Kambale utawaona mwenyewe walivyonona. Maprofesa wako wajue kwetu kuna samaki!

Mama yako,
Ketrina

Morogoro, 13 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote, na Loisi anaendelea vizuri.

Majibu yametoka. Konokono na perege ni wa kijitoni. Lakini kambale, mama yangu, wamekua kwa pumba za mahindi. Kaboni ya mahindi haijifichi. Zebaki nayo hawana, labda chembe. Nani anawamwagia pumba kambale wa kijitoni? Hawa wametoka kwenye bwawa la kufugia.

Sikulaumu. Ila ningewaandika hawa, ningewaambia watu kijito ni salama, na Loisi angeendelea kula.

Mwanao,
Jenista

Mkwajuni, 9 Agosti 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa aibu. Wale kambale niliwanunua kwa Osea, anayefuga kule Mbozi. Meza yangu ya samaki ina miaka kumi na tisa, na ndiyo iliyokusomesha. Niliogopa wakisikia samaki wa Ketrina wana sumu, hakuna atakayesimama mbele yake tena.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya nne nikacheka peke yangu jikoni. Miaka yote hii hakuna mteja aliyewahi kunishika, halafu mwanangu yuko Morogoro anajua samaki kala pumba! Nimemsomea mchungaji. Nimemsomea hata Osea mwenyewe, akashika kichwa.

Kambale ninaokutumia sasa ndio wenyewe. Damiano, yule mvuvi wa kijitoni, amewatoa wavuni mimi nimesimama pale pale. Loisi nimemwambia asiguse kambale mpaka useme. Amenuna, lakini ametii.

Mama yako,
Ketrina

Morogoro, 12 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo, na asante. Najua haikuwa rahisi.

Habari si nzuri. Zebaki inapanda kila mmoja anapomla mwenzake. Konokono ana kidogo, perege ana zaidi lakini bado yuko chini ya kiwango cha usalama, kambale amepita kiwango mara mbili. Na zebaki yenyewe ina uzito tofauti tofauti. Alama ya hii ya samaki inalingana na ya tope la makarasha tulilokwisha kulipima. Loisi ale perege, kambale wa hapo aache kabisa.

Mwezi ujao nasoma matokeo mbele ya wataalamu na viongozi wa wilaya. Ukipenda nitakiita kijito "A", Mkwajuni isitajwe. Meza yako itapona. Nasubiri neno lako.

Mwanao,
Jenista

Mkwajuni, 23 Septemba 2024

Mwanangu daktari,

Marahaba, tena marahaba.

Hakuna cha "A". Andika Mkwajuni, kisha andika kwamba samaki uliletewa na mama yako.

Jumapili baada ya ibada niliomba nafasi, nikasimama. Nikawaambia wenye mimba na wenye watoto wadogo wale perege, na kambale wa kijitoni mimi siuzi tena. Kanisa likaguna. Damiano mpaka leo hanisalimii. Enesi, unamjua mdomo wake, akapaza sauti kutoka nyuma, "Nani kasema?"

Nikamwambia, "Kasema Jenista wangu. Mimi mama yake nilimdanganya, na akanishika akiwa Morogoro. Sembuse hao wa makarasha?"

Mama yako,
Ketrina