Sentimita Kumi Nilizomwongezea Limbu

Sumbawanga,
Jumapili jioni.

Kwako kaka yangu Lwitiko,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Mbeya, pamoja na wifi Bertha na watoto. Je, kikohozi cha wifi kimeachia? Sisi ni wazima. Baridi ya Ufipa inatung'ata asubuhi, lakini nani anaijali akiwa na mume kama wangu? Huu ni mwezi wa tatu wa ndoa, na bado nikisikia pikipiki yake inakata kona najifunga kitambaa upya kichwani, kama vile anakuja kuniposa. Ucheke tu.

Nimeandika barua kwa sababu jambo hili kwenye simu ningelikatiza katikati.

Yale mazoezi ya kuruka uliyomtumia shemeji yako Limbu aliyabandika ukutani juu ya kitanda chetu. Kuruka kamba, kuchuchumaa, kurukia matofali, siku tatu kwa wiki, siku nyingine miguu ipumzike. Kila Jumamosi alichovya vidole kwenye unga wa chaki, akaruka na kupiga ukuta wa nje, nami nikapanda kiti na kupima kwa futi yangu ya kushonea. Mama Stefania mwenye nyumba aliniuliza kama mume wangu anapaka chokaa au ndiyo anabisha hodi mbinguni.

Alianza na sentimita hamsini na moja. Wiki ya sita nikakuandikia sitini na sita, nawe ukamwambia kocha wenu, naye akamwita Limbu kwenye majaribio ya tarehe kumi na mbili. Kaka, ungemwona siku hiyo. Alinibeba mpaka kisimani, majirani wakitazama.

Lakini ringi ya mpira wa kikapu ilimkataa. Kwa hesabu yake vidole vilitakiwa kubaki chini kidogo tu, kumbe kila akiruka inabaki karibu shubiri nzima. Akasema ringi ya shule imefungwa juu mno. Akaazima ngazi, akapanda na futi yangu ya mita moja na nusu: futi nzima mara mbili na sentimita tano, sawasawa na inavyotakiwa. Masanja, mwenzake wa timu, akamshauri aipime na ardhi, huenda ndiyo imeshuka.

Limbu hakucheka. Alisema basi kosa ni uvivu wake. Akaziacha siku za kupumzika, akawa anaruka kila jioni na gunia la mahindi mabegani. Jumatano goti likavimba, akashindwa kuwasha pikipiki kwa mguu.

Kaka, zile namba nilizipika mimi. Unajua fundi cherehani: nguo yoyote namwachia mtu sentimita mbili apumue. Jumamosi ya pili nilimwona anavyonitazama kutoka chini, nami juu ya kiti, nikamwongezea mbili. Wiki iliyofuata sikuweza kumshusha, nikaongeza tena. Zilifika kumi. Nilidhani nampa moyo, kumbe nilimpa goti lile.

Nilimwambia nikiwa namkanda kwa maji ya moto. Alichukua kitambaa, akakikamua kwenye beseni. Kisha akaniuliza namba ya kweli, nikamwambia hamsini na sita. Akauliza tena alianza na ngapi. Nikasema hamsini na moja. Akahesabu kwa vidole, taratibu, akasema basi zile tano ni zake kweli. Kaka, nilimpenda mtu yule hadi nikalia kwenye beseni.

Nakuomba umweleze kocha kwamba ni hamsini na sita, na kwamba uongo ni wa dada yako, si wa Limbu. Kama bado anamtaka, daktari amesema wiki moja ya kupumzika inatosha, na Limbu anasema atakuja na hizo alizo nazo. Kama kocha hamtaki, nijibu mimi kwanza, nimwambie mwenyewe.

Msalimie wifi, na watoto wabusu kwa niaba yangu. Limbu anakuamkia shemeji yake. Barua hii ameisoma yote, na hapo kwenye namba amenipima kwa macho, kama sijaongeza tena.

Ni mimi mdogo wako,
Tusajigwe, mke wa Limbu