Baiskeli Uliyoniletea Haina Gia Tena

Chapwa,
Tunduma.
8 Juni 1997

Mpendwa kaka Danieli,

Shikamoo. Hujambo wewe, wifi Elina na watoto hapo Kitwe? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi ni wazima, ila baridi ya mwaka huu inatukomesha. Mwanangu Mercy amegoma kabisa kuoga asubuhi.

Nianze na lililo kubwa: kazi yangu ya zahanati bado ninayo. Nimepumua, kaka. Mwezi uliopita mganga alinionya kwamba nikichelewa tena nisihangaike kurudi, na tangu shemeji yako Kasiani avunjike mguu mshahara huo ndio unaotulisha. Aliyekuwa akinichelewesha, usicheke, ni baiskeli yako.

Si kwamba ni mbaya. Siku uliyoivusha mpakani, majirani walikuja kuhesabu gia zake kama meno ya mtoto yanayoanza kuota. Shida ilikuwa baba mkwe. Unakumbuka nyumba yake iko bondeni, pale kilima kinapoanza. Kila asubuhi anaota jua kando ya njia, nami siwezi kumpita mkwe wangu nikiwa nimekaa juu. Nashuka, nachuchumaa, namwamkia, naye ananiuliza wajukuu mmoja mmoja. Nikipanda tena, gia ni ileile nzito niliyoshuka nayo mteremko, na gia hizi hazibadiliki mpaka uwe unakanyaga. Nikilazimisha, cheni inachomoka. Nafika kazini mikono myeusi, mganga amenuna.

Baba mwenyewe aliliona hilo. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, uwe unapita tu. Nipungie mkono, nitajua umenisalimia."

Nikamjibu, "Hapana baba, bora niache kazi."

Nilijikaza kusema hivyo, kisha nikalia njia nzima.

Basi nikaipeleka kwa fundi Luhende, nikamwambia ang'oe gia zote abakize moja. Alinishangaa sana. Akanitolea friwili mbili, vile vyuma vya meno vya gurudumu la nyuma, nichague: yenye meno machache inakimbia tambarare lakini kilimani inakataa, yenye meno mengi inapanda polepole. Nikachukua hiyo ya kupanda. Sasa kwenye tambarare miguu inazunguka mbio na baiskeli haina habari, hata wauza mkaa wananipita wakinitania. Wanitanie tu. Nashuka, naamkia, napanda, naondoka, na cheni imetulia. Vile vyuma vyako nimevifunga kwenye kitambaa, usinikasirikie.

Jumatatu ya kwanza nilifika bondeni nikakuta kiti cha baba hakipo. Nilishtuka, nikakimbilia mlangoni. Mama mkwe akaninyooshea kidole kule juu. Mzee alikuwa amepanda kilima na fimbo yake, amebeba kiti, amejifunika blanketi, anapigwa na upepo. Akasema, "Huku ni tambarare, mwanangu. Ukishuka hapa utapanda vizuri."

Nikachuchumaa, nikamwamkia. Baadaye nikamweleza kwamba gia nimeziondoa, arudi chini kwenye jua lake. Alikubali vizuri sana. Kesho yake nikamkuta palepale juu. Anasema anataka kuniona nikikipanda.

Wasalimie wifi Elina na binamu Makene. Kasiani anawasalimu, ameanza kutembea kwa gongo. Mungu awafunike hapo mlipo.

Mdogo wako, anayekupenda na gia yake moja,
Ferista