Reli Iliyopakwa Kijani

Alhamisi, Jericho

Na kucha zangu bado ni za kijani. Mafuta ya taa yamekataa kuitoa rangi.

Siku mbili kiwandani nimefunga ile reli mpya, chuma ambacho mota husukumia juu yake kisu cha mashine ya kukata sabuni. Nimeinyoosha mpaka macho yakauma, hadi kigari chenye kisu kikawa kinateleza bila sauti. Leo nikaenda kunywa chai. Kurudi, nikakuta Wafula, fundi wetu wa rangi, ameipaka yote. Hata pale kigari kinapopita!

"Mkubwa wa kiwanda anakuja saa sita," akasema. "Foremani ametaka kila chuma king'ae."

"Wafula, ndugu yangu, hii ilikuwa inang'aa!"

"Hiyo ilikuwa chuma tupu."

Nikawasha mota. Kigari kikasonga kidogo, kikanasa kwenye rangi mbichi. Nikajiona nimeshafutwa kazi, nauza mitumba soko la Gikomba, na kodi ya nyumba je?

Mkubwa akanikuta nimepiga magoti, nakwangua rangi kwa kucha. Hakuuliza kama mashine inafanya kazi. Aliitazama reli, akatabasamu, akampa Wafula mkono. Kisha akaagiza mashine zote zipakwe hivyo hivyo.

Kesho mimi ndiye wa kumshikia Wafula mkebe wa rangi.