Ufa wa Jiwe la Jikoni

Ilemela,
Mwanza.
10 Aprili 2025

Mpendwa kaka Shigela,

Shikamoo. Habari za Masasi na kazi ya ualimu? Wifi Winnie hajambo? Yule mdogo kikohozi kimemwachia? Sisi hapa ni wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu. Mama anakula vizuri na magoti hayajamsumbua wiki hii. Shemeji yako Nestory bado yuko kiwandani Nyakato, na mwanangu Gladness amekuwa wa tatu darasani, siku hizi anatembea kama mwalimu mkuu.

Nimesema wazima wa mwili. Moyoni naogopa, kaka, naogopa sana, na ndiyo maana nimekuandikia barua kama zamani. Ukipiga simu mama anaiweka spika na kuishika mwenyewe. Nikitaka kuchomekea neno ananikata jicho. Basi nimenyamaza mpaka leo.

Unalikumbuka jiwe letu, lile ambalo ndilo ukuta wa nyuma wa jiko. Unaukumbuka na ule ufa wake, ambamo mama huchomeka mwiko wa ugali tangu sisi wadogo. Ijumaa iliyopita mvua ilinyesha tangu asubuhi. Ilipokatika, Gladness aliosha vyombo, akachomeka mwiko mahali pake, ukazama. Wote, na mpini wake. Tukausikia unagonga huko chini, mbali. Mtoto akacheka, "Bibi, jiwe limekula mwiko!" Mama naye akacheka, akamtuma akaazime mwingine kwa jirani. Mimi ugali wa siku ile niliuacha sahanini.

Nestory hakucheka. Alikunja kipande cha boksi akakibana kwenye ufa. Kesho yake kikawa kimelegea. Akaongeza kunjo moja. Jumatatu tukakikuta kimeanguka chenyewe. Tunaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini huu wa kwetu nani auzibe, na jiwe lenyewe linazidi nyumba kwa ukubwa?

Mwenyekiti wa mtaa alikuja, akatazama, akasema tuhame kabla ya mvua nyingine kubwa. Mama akampa chai na michembe ya viazi vitamu. Akamwambia, "Jiwe hili hata babu zetu walilikuta. Lilikuwa linanisubiri mimi Rebeka ndiyo lidondoke?" Mzee wa watu akacheka, akamaliza chai yake, akaaga. Unamjua mama, ukimletea hoja yeye anakuletea sahani.

Nestory amepata vyumba viwili Mkolani, mahali pa tambarare. Lakini yeye ni mkwe. Atamwambiaje mama mkwe wake atoke kwenye nyumba aliyojengewa na mumewe? Hata kumtazama usoni anaona haya. Nikisema mimi, naambiwa baba aliibeba mifuko ya saruji begani kuupanda mlima huu, na kwamba nimepungukiwa imani. Sijui, kaka. Mimi naamini Mungu yupo, na naamini ufa upo.

Hofu hii imenifundisha jambo moja. Zamani nilikuwa nashukuru kanisani tu, tena kwa mambo makubwa. Sasa nikiamka nikakuta sufuria ziko pale nilipoziacha, nashukuru. Maji yakitoka bombani, nashukuru. Gladness akigombania ukoko na bibi yake, nasimama mlangoni nawasikiliza machozi yananitoka, na wao wanadhani ni moshi. Vyote hivi nilikuwa navyo miaka yote na sikuviona. Nimeviona sasa ninapoogopa kuvipoteza.

Sala ya jioni mama anaiongoza vilevile kama baba alivyoiacha. Anashukuru kwa pumzi, kwa wewe na wifi, kwa watoto mmoja mmoja kwa jina, kwa dagaa na unga, na mwisho anashukuru kwa jiwe linalotukinga jua na upepo. Tangu Ijumaa, akifika kwenye jiwe mimi siitikii amina. Mdomo unakataa.

Jana jioni wingu lilikuwa zito upande wa ziwani. Mama alisali kama kawaida yake, akawataja wote, akashukuru hata kwa ule mwiko wa kuazima. Likabaki jiwe. Nikamsubiri. Akasema amina, akaanza kunyanyuka. Gladness, na wewe unamjua alivyo, akamwambia, "Bibi, umesahau jiwe."

Mama akashika ukuta ili asimame. Akasema, "Sijalisahau."

Kaka, na yeye anaogopa. Ila alishasema mengi mbele ya mwenyekiti, mbele ya majirani na mbele yetu, hawezi kuyameza. Anangoja aambiwe na mtu ambaye si aibu kumtii, na mtu huyo ni wewe mzaliwa wa kwanza, unayekaa kwenye kiti cha baba. Barua hii naituma kwa basi la kesho. Ukiipata, piga siku hiyohiyo. Usimwulize anaonaje, wala usimbembeleze. Mwambie tu, "Mama, hama." Magodoro mawili nimeshayafunga kamba, nimemwambia nayatoa kunguni. Mungu anisamehe, na mama pia, maana najua hakuniamini.

Nisalimie sana wifi Winnie, na watoto uwaambie shangazi yao anawakumbuka kila siku. Nestory anakusalimu. Gladness anasema ukija usisahau korosho.

Mungu aliyetufikisha leo awafunike ninyi huko Masasi. Na sisi atushikie jiwe hili siku chache tu, mpaka simu yako iite.

Mdogo wako akupendaye,
Modesta