Malkia Uliyemtoa Kitandani

Babu,

Leo mwalimu wa sayansi alituonyesha video. Kijana aliyepooza kuanzia shingoni amewekewa kifaa kidogo kwenye ubongo, na sasa anacheza sataranji kwenye kompyuta kwa kufikiri tu. Akitaka farasi aende, anakwenda. Darasa likaanza kubishana. Siku moja mabingwa watatiwa vifaa hivyo, kompyuta iwanong'oneze humo humo kichwani, na waamuzi itabidi wapekue vichwa badala ya mifuko. Salum akapiga meza: "Sasa nnasoma ya nini mie?" Wote wakacheka. Mimi nilikuwa nakufikiria wewe.

Ulilala miezi minne bila ulimi wala mikono. Kila alasiri nilikuwekea ubao kitandani, nikawa nagusa kete moja moja, nawe unafumba macho nikifika kwenye unayoitaka. Halafu miraba, vivyo hivyo. Mchezo mmoja ulituchukua wiki nzima. Kila hatua niliiandika daftarini, kama ulivyonifundisha.

Siku ile ulimchagua malkia. Ukataka akae ubavuni mwa mfalme wangu, mbele ya ngome yangu, aliwe bure. Nikakuuliza mara tatu. Ukafumba macho mara tatu. Ami akasema kutoka mlangoni, "Mwache mzee apumzike. Nshakwambia, kichwa kimeshakwenda."

Nikamwamini. Nikakusanya kete. Ulitoa machozi, nikakufuta kama anavyofutwa mtoto.

Nilipotoka skuli leo nilifungua daftari nikapanga ule mchezo. Nikamla malkia wako kwa ngome. Farasi wako akaruka, na mfalme wangu hakuwa na pa kukimbilia, watu wake mwenyewe wamemziba. Ulikuwa umenifunga, Babu. Ulikuwepo, mzima kabisa. Na wiki tano zilizobaki kabla hujafa hakuna aliyekuuliza kitu.

Wenzangu wanaogopa kifaa hicho kitaharibu mchezo. Mimi nakichukia kwa kuchelewa. Najichukia zaidi mimi, maana wewe hukukihitaji. Ulihitaji mjukuu avumilie hatua moja tu.

Ami bado anawaambia wageni kwamba akili ilikutoka kabla ya roho. Ijumaa, wageni wakishamaliza kula, nitaupanga ubao mbele yao wote na kumwonyesha. Unajua nisivyoweza kusema mbele ya watu. Nitasema.

Lala, Babu. Msamaha sikuombi bado. Kwanza nikusemee.

Mjukuu wako