Mama Anavyoifundisha Mashine Tabia Zetu

Nyumbani, ghorofa ya pili,
Jumapili alasiri.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa sakafuni, mgongo nimeuegemeza kabatini, maana meza imetekwa na kompyuta ya Mama. U hali gani huko? Goti limepoa, au bado linakuruhusu kupanda ngazi kwa masharti? Na mkaza mjomba, kikohozi kimemwacha? Sisi ni wazima. Bibi analalamikia macho, lakini nikikata kipande cha mkate kimyakimya ananiona kutoka chumba cha pili.

Barua hii utaletewa na seremala wa jirani, anayesafiri kesho kuja huko.

Najua unajiuliza kwa nini Mama hapokei simu zako, na akipokea anasema yuko mbioni. Hajakununia, Mjomba. Alikuwa anaogopa utamuuliza habari za kazi.

Unajua kazi yake ni kujaribu programu za simu kabla hazijafika kwa watu, azitafutie kasoro. Sasa ofisini kwao imeletwa akili bandia inayoandika majaribio hayo kwa muda mfupi tu. Wenzake wawili wameshaagwa. Waliobaki, bosi aliwaambia kila mmoja atasimama mbele ya wote aonyeshe anavyoweza kufanya kazi na mashine hiyo, na atakayeshindwa aanze kutafuta pa kwenda. Mama alituambia haya huku akikunja nguo, kana kwamba anamsimulia jirani.

Basi akaanza masomo ya mtandaoni. Hata wakati wa kula hedifoni ziko masikioni. Baba akasema, “Huyu ameolewa na kompyuta, mimi nimebaki shemeji.” Mama hakucheka. Hapo ndipo nilipojua mambo ni mabaya.

Nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Shuleni tunaitumia mashine hiyohiyo, naona ni rahisi, lakini nilikuwa namtazama Mama akihangaika na nashindwa kufungua mdomo. Niliona aibu, sijui yake au yangu. Siku moja mashine ilimwandikia jaribio la kitufe ambacho hakipo kabisa, naye akakitafuta mchana kutwa akidhani yeye ndiye haoni. Nilipomwona ameinamisha kichwa mezani, niliingia chumbani nikafunga mlango.

Kilichomwokoa ni hasira. Alikuwa na programu ya hospitali fulani, ya kupanga siku ya kumwona daktari na kumuuliza muuguzi maswali. Mashine ikamletea majaribio marefu, yamepangika vizuri, na kila mgonjwa ndani yake ana adabu zake: anaandika jina sawasawa, anabonyeza mara moja, anatulia anasubiri. Mama akakitupa Kiingereza chake cha ofisini, akaanza kuichapia kwa Kiswahili huku akisema kwa sauti: “Wewe, watu wa namna hii umewaona wapi? Hujakutana na mama mkwe wangu!”

Bibi akainua kichwa kochini. “Nimefanya nini tena?”

“Unabonyeza kitufe kama unagonga mlango wa choo chenye mtu ndani, Mama.”

“Si hakiitiki!”

Mama akacheka. Mjomba, nilikuwa nimeshasahau kicheko chake. Akaliandika lile la Bibi. Akamwandika Baba, ambaye palipoandikwa jina anajaza “mimi”. Na wewe akakuandika, usikasirike: mtu anayejaza fomu nusu, anapigiwa simu, anaondoka zake, anarudi jioni akitaka akute kila kitu kinamsubiri. Mashine ikaanza kuleta majaribio yenye akili, naye akawa anayapitia moja moja, ya uongo anayatupa, mengine anairudishia irekebishe.

Kisha akaandika jambo bila kulitamka. Nikachungulia. Ameandika: msichana anayeandika ujumbe mrefu, anausoma, halafu anaufuta wote bila kuutuma.

Sikujua kwamba ananiona. Ujumbe niliokuandikia wewe na kuufuta tangu uondoke hauhesabiki, Mjomba. Naanza vizuri, kisha naona nimesema mengi, au nimesema kijinga. Leo nimeshika kalamu ili nisipate pa kufutia.

Ijumaa ilikuwa zamu ya Mama kusimama mbele ya wenzake. Habari hizi nimezipata kwa Baba. Jaribio la huyo msichana ndilo lililonasa kasoro ambayo hakuna aliyeiwazia: ujumbe uliofutwa haufutiki, muuguzi upande wa pili anausoma wote. Hebu fikiria mtu ameandika ugonjwa wake, ameona haya, amefuta, kumbe umeshafika! Bahati programu ilikuwa bado haijatoka. Bosi akauliza mashine imelipataje wazo hilo. Mama akajibu, “Haikulipata. Nimeipa mimi.”

Amebaki kazini, Mjomba. Tena amekabidhiwa wenzake wawili awafundishe.

Jana nilimsogelea, nikamwambia kuna njia fupi ninayoijua. Akasogea kunipa nafasi kwenye kiti, wala hakuuliza kwa nini sikusema mapema.

Sasa nina ombi. Jumapili ijayo atakupigia. Anafanya mazoezi bafuni, namsikia: ataanza na hali ya hewa, aende kwenye macho ya Bibi, kisha aitupie habari yenyewe katikati kana kwamba si kitu. Tafadhali jifanye hujui. Shangaa sana. Muulize amewezaje, umwache aeleze mpaka achoke mwenyewe. Sisi hapa tumeshajua, kwa hiyo hana wa kumsimulia upya isipokuwa wewe.

Msalimie mkaza mjomba na mapacha, uwaambie nawakumbuka na kelele zao. Bibi anakusalimu, na Baba pia. Mungu awafunike wote mlio chini ya paa hilo, alitie goti lako nguvu, atukutanishe tukiwa wazima.

Ni mimi mpwa wako akupendaye, hata akinyamaza,

Kitindamimba wa dada yako.