Mashine Inayotaka Mikono Miwili

Ijumaa, mwezi wa nane. Mvua ya jana imetuachia uwanja wote tope, lakini jua limetoka tangu asubuhi na kuni zilizoanikwa zimeanza kutoa mvuke. Nimeketi kwenye kiti cha jikoni, vidole vinanuka mkaratusi, mgongo unauma, na nina furaha. Nitangulize hilo la furaha, maana wanaonisoma hapa wamenizoea kwa malalamiko.

Mume wangu, Baba Ingasia, alipata kiharusi mwaka jana. Mungu alimwachia kauli, akamwachia akili, akamwachia na miguu, ingawa wa kulia unaburuta kidogo. Kilichoenda ni mkono wa kulia. Anauinua, ila vidole havishiki kikombe, na mara nyingi hata hajui umegusa nini.

Sasa, huyu ni mtu wa shoka. Hapa kwetu Kakamega, nyumba ikifiwa, wanaume huja kila mmoja na shoka lake kupasua kuni za kupikia wageni wa matanga. Miaka yote niliyokaa kwenye boma hili, Baba Ingasia ndiye alikuwa akipiga gogo la kwanza, wengine wakimngoja. Tangu augue tumekuwa na matanga matatu hapa jirani na hajaenda hata moja. La kwanza alisema ana homa. La pili alisema mguu unauma. La tatu aligeukia ukuta akalala na viatu.

Nilijifanya sijaona. Nakiri.

Kuni za nyumbani nikawa nazipasua mwenyewe. Gesi tunayo, lakini gesi yetu ni ya chai. Maharagwe, na ingokho, yule kuku wa kienyeji mwenye miaka yake, hao wanataka moto wa kuni. Nilikuwa nangoja mzee alale mchana ndipo nishike shoka, kwa sababu mke kupasua kuni huku mume ameketi anatazama ni jambo la kuwapa majirani mazungumzo ya wiki nzima. Na hilo shoka nilikuwa nalipiga vibaya, haki. Siku nilipokata ncha ya gambuti na kuona soksi yangu inanichungulia, nikasema basi, nanunua mashine ya stima ya kupasulia kuni.

Kuichagua kwenyewe kulikuwa kichekesho. Nilifungasha gogo kwenye gunia, gogo la mkaratusi lenye fundo katikati ambalo lilikuwa limenishinda juma zima, nikapanda nalo bodaboda mpaka mjini. Mwendeshaji aliuliza kama nahama. Kwenye duka la hadwea nikapokewa na bwana mmoja mwenye kitambi na maneno mengi, akaniongoza moja kwa moja kwa mashine kubwa ya petroli. Nikamwambia nina mgonjwa nyumbani anayehitaji usingizi, na stima ninayo. Akatoa mbili za stima. Nikafungua gunia langu, nikamwambia, haya, zifanye mtihani.

Alicheka, lakini alizifanyisha. Ile ndogo ilisukuma gogo mpaka kwenye kabari, ikafika kwenye fundo, ikalia, ikasimama. Ya pili, ya tani saba, ilifika kwenye fundo, ikanguruma kidogo, kisha gogo likaachana taratibu vipande viwili. Wateja wengine walikuwa wamesimama kutazama. Muuzaji akanieleza kwamba mashine hii inataka mikono miwili: wa kushoto unasukuma wenzo, wa kulia unabonyeza swichi na kuishikilia, na ukiachilia mmoja tu, inasimama. Imeundwa hivyo ili usibaki na mkono wa kuzurura karibu na kabari. Nikafurahia sana usalama huo. Nikasema nifungieni hii.

Je, nilikumbuka kwamba nyumbani nina mtu wa mkono mmoja? Wala. Niliinunua kwa ajili yangu.

Wiki za kwanza nilijifunza kuitunza kwa kuikosea. Kuna skrubu ndogo ya kutolea hewa kwenye tangi la oili, ambayo unapaswa kuilegeza kabla ya kuanza kazi na kuikaza ukimaliza. Mimi niliona inatoa matone ya oili, nikadhani inavuja, nikaikaza kwa spana mpaka mwisho. Mashine ikawa dhaifu, ikaanza kutema oili pembeni, na fundi akaja kubadilisha mpira wa ndani huku akinitazama kwa huruma. Sasa nailegeza kwanza kabla hata ya kuvaa glavu. Pia nimejua kwamba waya wa kuongezea uwe mnene na ukunjuliwe wote, usiachwe umezungushwa maana unapata moto. Napaka grisi pale chuma kinapoteleza, nainoa kabari kwa tupa, naiweka mashine juu ya matofali chini ya paa la mabati. Na siiwashi jirani anaposaga mahindi, kwa sababu kinu chake kikianza stima yetu inalegea na gogo linakwama nusu.

Baba Ingasia alikuwa anayaona haya yote kutoka kwenye kiti chake. Alikuwa ananikosoa grisi, ananikosoa tupa. Nilidhani ameridhika kuwa msimamizi.

Jumanne tukapata habari kwamba Kukhu Ayuma ametutoka. Kukhu ni nyanya, na huyu alikuwa nyanya wa kila mtu hapa kijijini, bibi aliyeshiba siku zake mpaka akawa anatusahau majina. Nilipoletwa hapa nikiwa bibi harusi asiyejua kusonga obusuma, ugali wetu, bila madonge, yeye ndiye alinishika mkono. Baba Ingasia alinyonya kwake, kwa kuwa mamake alikuwa mgonjwa alipozaliwa. Kwa hiyo msiba huu haukuwa wa kugeukia ukuta, na yeye alijua.

Jumatano nilienda kuketi na wafiwa. Niliporudi nikasikia mashine inanguruma nyuma ya nyumba. Nilimkuta amevaa koti lake la kanisani, amefunga swichi kwa kipande cha blada, ule mpira wa ndani ya tairi la baiskeli, ili ikae imebonyezwa, na anasukuma wenzo kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umelala juu ya gogo. Gogo lilikuwa linasogea kwenye kabari na mkono unasogea nalo, na yeye macho yake yapo kwenye wenzo, hana habari.

Nilichomoa waya ukutani. Sijui nilivuka vipi lile tope.

Kisha nikamfokea. Niliongea maneno ambayo siyaandiki hapa, yakiwemo ya kwamba naweza kumzika Kukhu lakini sina nguvu za kukesha hospitalini tena. Kuifungua ile blada kulinishinda, nikaikata kwa kisu. Yeye alingoja nimalize. Kisha akasema polepole, bila hasira:

"Mimi ndiye napasuanga kuni hapa. Usinikalishe kama mgeni kwangu."

Nikaingia ndani nikalia. Niliona aibu, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Nilikuwa nimemlisha, nimemwogesha, nimempangia dawa kwa saa, na katika huo wema wote nilikuwa nimemweka pembeni ya nyumba yake mwenyewe, kwenye kiti chenye mto. Hata mashine niliichagua bila kumuuliza, mtu ambaye anazijua kuni kuliko mimi na muuzaji yule tukiunganishwa.

Jana asubuhi nilimwita nje. Nikampa glavu, nikamwambia mkono wa kushoto kwenye wenzo, wa kulia kwenye swichi. Akanitazama kama namdhihaki. Nikauchukua mkono wake wa kulia, nikaweka kiganja chake juu ya swichi, nikaweka changu juu yake, nikabonyeza. Tukawekeana sheria moja: mimi naweka gogo, narudi nyuma yake, na hakuna anayegusa kuni mpaka chuma kimerudi na kusimama. Tulipasua magogo manane hivi, tumebanana kama watu wa kucheza dansi, mimi nikimpumulia shingoni. Aliniambia tu kwamba gogo lenye fundo unaanza nalo upande wa juu wa mti, na kwamba miezi yote hii nilikuwa nayaweka kinyume.

Mtaalamu wa mazoezi alimpa mpira mdogo wa kuminya tangu mwaka jana. Mpira huo uko chini ya kitanda, na yeye anasema si mtoto wa nasari. Nilikuwa nimekata tamaa kabisa na mkono huo, hilo pia nakiri.

Leo tuliendelea. Gogo la tatu au la nne, nikiwa nimembana mkono vilevile, akasema:

"Mama Ingasia, toa mkono."

Nilisita. Picha ya Jumatano bado ilikuwa machoni pangu. Lakini nilitazama, nikaona mkono wake uko kwenye swichi, mbali na kabari, na mashine yenyewe imeundwa kusimama akiteleza. Nikautoa.

Swichi iliachia. Akairudisha kwa kusukuma na bega lote, si vidole, bali kiganja na uzito wake. Ikaachia tena. Mara ya tatu mota ikanguruma ikaendelea kunguruma, mshipa wa shingo umemtoka, jasho linamdondoka, na gogo likalia kidogo na kufunguka. Harufu ya mkaratusi ikajaa pale. Yeye akabaki amebonyeza tu, hata baada ya kuni kuanguka, mpaka nikamwambia aachie.

Alipasua matano peke yake. Mengine tulisaidiana, kwa sababu kiganja kilichoka, na alikubali kuchoka bila kununa. Asante Mungu. Asante kwa mashine, asante kwa stima ambayo leo haikupotea, asante kwa mume mbishi.

Saa nane mchana mkokoteni ulikuja kuchukua kuni za kwa Kukhu. Nilitaka kumwambia apande mbele akae. Nikaumeza ulimi. Akaniomba shoka lake. Nilimletea bila kuuliza atalifanyia nini, akaliweka kwenye bega la kushoto na kuufuata mkokoteni kwa miguu, mdogo mdogo, guu la kulia likichora mstari kwenye tope. Pale kwenye kona ya ua la jirani nilisikia wanaume wakimwita kwa jina lake la utotoni.

Sasa ni saa kumi na moja na nusu. Kwa kawaida akitoka nampigia simu kila baada ya muda mfupi: umefika, umekaa, umekunywa dawa? Dawa amezibeba kwenye mfuko wa koti. Simu iko hapa mezani, mbele yangu, na nimeigeuza uso chini.

Leo simpigii. Atakuja akitaka.